Nimeitwa kujitolea mwaka mzima Kyaka II, na baba hataki: nifanye nini?

«Mwalimu, pokea salamu zangu. Mimi ni binti wa miaka 24, mzaliwa wa Bwera wilayani Kasese, na mwaka huu nimehitimu shahada ya kazi za jamii katika chuo kikuu kimoja cha Kampala. Shirika moja linalohudumia wakimbizi katika makazi ya Kyaka II limenipa nafasi ya kujitolea kwa miezi 12 katika kitengo cha ulinzi wa watoto, kwa shilingi 250,000 kila mwezi. Walisema kwamba Kiswahili changu ndicho kilichowavutia. Baba anasema hakuuza ng'ombe watatu ili mimi nikafanye kazi ya bure, na mdogo wangu anasubiri karo ya S5 (kidato cha tano). Rafiki yangu ananishauri nikubali, kwa sababu mwaka ukiisha shirika huwaajiri waliojitolea, na serikali huuhesabu mwaka huo kuwa utumishi wa taifa kama wanavyofanya Tanzania. Kuna pia ofisi moja ya Kampala inayoahidi kunipeleka Ulaya kujitolea, lakini kwanza nilipe 300,000 za usajili na mafunzo. Nifanye nini?»

Binti yangu, naanza na hiyo 300,000 kwa sababu haihitaji mjadala: usiilipe. Mipango ya kweli ya kujitolea kwa kawaida haimtozi kijana fedha ili apate kuomba nafasi. Programu ya Watu wa Kujitolea ya Umoja wa Mataifa, ambayo hupokea vijana wa miaka 18 hadi 26 kwa nafasi za vijana, haitozi ada katika hatua yoyote ya maombi. Mpango wa weltwärts wa Ujerumani, ambao tangu 2013 hupokea pia vijana kutoka nchi kama yetu, humpa anayejitolea malazi, chakula na fedha kidogo za mfukoni. Ikiwa ofisi hiyo ina shirika mwenyeji huko Ulaya, ikupe jina lake nawe uliandikie shirika hilo moja kwa moja uulize kama linaifahamu. Nadhani hawatakupa jina.

La pili ni utumishi wa taifa, na hapa rafiki yako amechanganya nchi. Tanzania ina Jeshi la Kujenga Taifa, lililoanzishwa mwaka 1963, na vijana wanaomaliza kidato cha sita huitwa huko kwa mujibu wa sheria. Nigeria ina utumishi wa mwaka mmoja wa lazima kwa wahitimu wa vyuo tangu 1973, na Ghana nayo ina wake. Sisi Uganda hatuna mwaka wa namna hiyo kwa wahitimu wote. Tulicho nacho ni mafunzo ya lazima ya taaluma fulani, kama daktari ambaye hasajiliwi kikamilifu kabla ya kumaliza mwaka wa mafunzo hospitalini. Mhitimu wa kazi za jamii hadaiwi mwaka na mtu yeyote, wala Tume ya Utumishi ya Wilaya haitakuongezea alama kwa sababu tu ulijitolea. Nalisema hili ili uamuzi wako usimame juu ya jambo la kweli: mwaka huu ni wako, na unaweza kuutoa au kuuzuia.

Sasa tuingie kwenye imani iliyo nzito zaidi, kwamba mwaka ukiisha watakuajiri. Sisemi kwamba haitokei, kwa maana nimewaona waliopata kazi kwa njia hiyo. Lakini elewa jinsi ajira inavyozaliwa katika mashirika haya, kwa kuwa watu wengi hudhani inatokana na wema wa meneja. Shirika linaandika mradi, mfadhili anaukubali, na ndani ya bajeti kuna vifungu: maafisa wawili wa ulinzi wa watoto, dereva mmoja, mlinzi mmoja. Nafasi ya kazi ni kifungu cha bajeti kabla ya kuwa kiti na meza. Meneja anaweza kukupenda kama mwanawe, akaona kazi yako, akakuombea dua, na bado asiweze kukuajiri ikiwa kifungu hakipo au mradi unafungwa mwezi uleule unaomaliza mwaka wako. Kwa hiyo badala ya kuuliza kama huwa wanaajiri wanaojitolea, uliza mradi huu unaisha lini, ni watu wangapi waliojitolea katika kitengo hicho kwa miaka miwili iliyopita, na kila mmoja wao yuko wapi leo. Shirika lenye nia njema litakujibu hata kama majibu si matamu.

Kuna jambo jingine ambalo sitalificha. Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje mwezi Januari 2025, mashirika mengi yanayohudumia wakimbizi hapa Uganda yalilazimika kupunguza watumishi. Matokeo yake ni mawili, na yote yanakugusa. Kwanza, katika kila tangazo la kazi sasa utashindana na watu wenye uzoefu wa miaka sita au saba walioachishwa kazi bila kosa lolote. Pili, kazi yenyewe haikupungua, kwani watoto wanaovuka mpaka peke yao hawakuacha kuvuka, na hivyo baadhi ya ofisi zimejaza viti vilivyoachwa wazi kwa watu wa kujitolea. Uliza kwa heshima: kazi nitakayoifanya ilikuwa inafanywa na nani kabla yangu? Ukiambiwa ilikuwa ya afisa aliyelipwa mshahara, ambaye nafasi yake imefutwa, ujue unaitwa kufanya kazi kamili kwa sehemu ndogo ya malipo. Unaweza hata hivyo kukubali, kwa sababu kazi kamili hufundisha kuliko kazi nusu, lakini ukubali ukiwa na macho mawili.

Nakuja kwenye Kiswahili chako, nami nitakaa hapa kidogo, maana katika swali lako zima hapa ndipo nilipopata wasiwasi. Wewe umelelewa Bwera, karibu na soko la Mpondwe, ambako Kiswahili ni lugha ya kupimia maharagwe na kubishania bei, na sehemu kubwa ya wakazi wa Kyaka II wametoka Kongo. Mama wa Kivu atakuambia habari za «batoto» wake nawe utamwelewa papo hapo, wakati mwenzako aliyesoma shahada ileile lakini amekulia Masaka atakuwa anamtazama midomo. Hiyo ni mali. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri lilikubali Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima shuleni, lakini ofisini bado ni wachache wanaokimudu, na uchache huo ndio unaokupa thamani.

Mali hiyohiyo ndiyo inayoweza kukumeza. Nimeona zaidi ya mara moja jinsi inavyokwenda. Kijana anafika Jumatatu akiwa mtu wa kujitolea wa ulinzi wa watoto. Jumanne afisa anamwomba amsaidie kutafsiri mazungumzo moja tu, Jumatano ni mawili, na mwezi wa tatu kila idara inamwita: wa afya, wa maji, hadi mgeni kutoka Kampala anayetaka kupiga picha. Mwaka unapoisha ametafsiri mamia ya mazungumzo na hajaandika kwa mkono wake hata tathmini moja ya maslahi bora ya mtoto, yaani ripoti ya kupima lipi linamfaa mtoto zaidi. Jina lake halimo katika faili lolote, kwa kuwa mkalimani hana sahihi. Anapoitwa kwenye usaili na kuulizwa aeleze kesi moja aliyoisimamia tangu mwanzo hadi ilipofungwa, hana la kusema, ijapokuwa alikuwamo ndani ya chumba katika kesi mia.

Tena ukalimani una uzito wake ambao hawautaji katika tangazo. Mkalimani husema kwa nafsi ya kwanza. Mama akisema «walinikamata njiani», wewe pia utatamka kwa kinywa chako «walinikamata njiani», ukimtazama afisa. Siku ya kwanza utalia usiku, na hilo si udhaifu. Baadaye utaacha kulia, na hapo ndipo pa kujichunga, maana masimulizi ya namna hiyo hujikusanya ndani ya anayeyasikia na kuyarudia, yakamrudia katika ndoto, katika hasira zisizo na sababu, katika kukwepa watu. Ndiyo sababu mashirika yanayojali kazi yao humpa kila mhudumu saa maalumu, mara kwa mara, ya kukaa na msimamizi na kuyatua aliyoyabeba. Uliza kama saa hiyo ipo kwa watu wa kujitolea pia, au ni ya waajiriwa peke yao.

Mimi mwenyewe nilijitolea miezi minane nilipohitimu, katika ofisi ambayo sitaitaja. Nilikabidhiwa funguo za stoo. Nilihesabu mablanketi, madumu ya maji na sabuni, nikaandika katika daftari la mistari, na kila mwisho wa mwezi nilimpelekea mhasibu aliyeweka tiki bila kuinua macho. Barua niliyopewa siku ya kuondoka ilisema kwamba nilikuwa «mwaminifu, mchapakazi na mwenye adabu». Ninayo bado. Hakuna mwajiri aliyewahi kuniita kwa sababu yake, nami siwalaumu, kwa kuwa haikuwaambia ninaweza kufanya nini. Barua itakayokufaa wewe ni ile itakayosema kwamba ulisimamia mafaili 12 ya watoto waliotengana na wazazi wao, ulizitembelea familia za malezi kila wiki, uliandika ripoti ambazo msimamizi alizitia sahihi, na ulifanya hayo chini ya mtu mwenye taaluma yako ambaye namba yake ya simu imeandikwa chini. Tofauti kati ya barua hizo mbili huamuliwa siku ya kusaini makubaliano, kwa sababu mwishoni mtu hawezi kuandikiwa kazi ambayo hakupewa.

Sasa fedha, na hapa nataka kumtetea baba yako, kwa kuwa naona watu wote wamemweka upande wa wasioelewa. Chukua kalamu. Tuseme chumba kimoja katika senta iliyo karibu na makazi ni 60,000 kwa mwezi. Chakula, ukijipikia posho na maharagwe na siku mojamoja ukinunua roleksi (chapati yenye mayai) kando ya barabara, tukipe 4,000 kwa siku, yaani 120,000. Vocha na bando la simu, 30,000. Safari moja ya kwenda Bwera kupitia Fort Portal na kurudi, 50,000. Hizo ni 260,000, na bado hujanunua sabuni, wala taulo za kike, wala dawa ya malaria, wala hujampa mdogo wako hata kalamu. Bei hizi ni za makadirio yangu. Weka zako baada ya kuuliza huko Kyegegwa, wilaya yenye makazi hayo, lakini sidhani zitabadilisha hesabu sana. Wenzetu wa Tanzania fedha kama hizi huziita posho, ilhali kwetu posho ni ugali ulio kwenye sahani, na kwa kiwango hiki naona maana hizo mbili zimekaribiana mno.

Hivyo hakuna mwaka wa bure. Kila mwaka wa kujitolea una anayeulipia, na kwa hesabu hiyo pengo litazibwa na nyumba yenu. Baba yako anakaribia kuwa mfadhili wa pili wa mradi wa Kyaka II na hakuna aliyemwita kwenye kikao. Mzee wa Buganda anayetoka na jembe siku ya bulungi bwansi kutengeneza barabara ya kijiji hutoa asubuhi moja, kisha anarudi shambani kwake. Wewe unaombwa asubuhi 260 na zaidi. Baba anapouliza ng'ombe wake walikwenda wapi, anauliza swali la bajeti, nawe umjibu kwa bajeti. Usimwambie habari za moyo wa utu na huduma kwa jamii, ambazo anazijua kabla hujazaliwa. Keti naye jioni, mwekee karatasi yenye mapato na matumizi, mwambie pengo ni kiasi gani, mwambie utaliziba kwa njia gani bila kumgusa, na umtajie tarehe ambayo utaondoka ikiwa mambo hayakwenda. Mzazi aliyeonyeshwa mwisho wa jambo huvumilia mengi. Na karo ya S5 msiifiche chini ya mkeka: ikiwa hakuna mwingine wa kuisaidia nyumba na wewe ndiwe tegemeo, basi una haki ya kuikataa nafasi hii bila kujiona mchoyo, ukatafuta hata kazi ya dukani Kasese huku ukiendelea kuomba kazi ya taaluma yako. Kama ulisoma kwa mkopo wa Bodi ya Ufadhili wa Wanafunzi wa Elimu ya Juu, toa mkataba wako uangalie siku ambayo marejesho yanaanza, kwa sababu bodi haitajua kwamba uko Kyaka II.

Nikipima yote, maoni yangu ni kwamba nafasi hii inafaa kukubaliwa, ila si jinsi ilivyo. Ni kazi ya taaluma yako hasa, mahali ambapo lugha yako ina uzito, na hayo mawili hayakutani mara nyingi. Lakini warudie kwa barua fupi yenye adabu ukiomba mambo machache. Uwe na msimamizi mmoja anayetajwa kwa jina la cheo, aliyesomea kazi za jamii. Kuanzia mwezi wa pili upewe mafaili yako mwenyewe, hata kama ni matano. Ukalimani uwekewe mpaka, tuseme siku mbili kwa wiki. Wakupe malazi, au waongeze fedha zinazotosha chumba, jambo ambalo mara nyingi ni rahisi kwao kuliko unavyodhani, kwa sababu baadhi yao wana vyumba vya wafanyakazi vinavyokaa vitupu. Uruhusiwe kwenda kwenye usaili wa kazi na kuondoka kwa notisi ya mwezi mmoja. Na anza na miezi sita inayoweza kuongezwa badala ya 12 ya moja kwa moja. Anayekataa hata kulijadili hilo anakuonyesha jinsi atakavyokutendea mwezi wa nane.

Kuhusu ajali nitasema kwa ufupi lakini kwa mkazo. Utapanda bodaboda kwenda vijijini ndani ya makazi, na wakati wa mvua barabara zile za udongo huteleza kama ndizi. Iandikwe ni nani atakayelipa hospitali ukianguka, na kofia ya chuma itatoka wapi. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inamlinda mfanyakazi aliye na mkataba wa kazi kwa malipo, na mtu wa kujitolea anayerudishiwa gharama tu anaweza kujikuta nje ya ukuta huo. Kwa hiyo kile ambacho mwajiriwa hupewa na sheria, wewe inakupasa ukipate kwa karatasi. Waulize pia kama wao ndio watakaokushughulikia kibali cha Ofisi ya Waziri Mkuu cha kufanya kazi ndani ya makazi. Barua ya mwenyekiti wako wa LC1, yaani baraza la kijiji, chukua mapema, ungali nyumbani.

Yapo mambo ambayo usiyasubirie jibu la mtu aliye mbali kama mimi. Mtu yeyote, awe bosi, mfanyakazi mwenza au mgeni wa mfadhili, akikudokeza kwamba barua yako ya mapendekezo au nafasi ya ajira inategemea mwili wako, andika siku, saa na maneno yaliyosemwa, kisha yapeleke kwa mtu wa shirika anayepokea malalamiko ya unyanyasaji wa kingono, na kama humwamini, nenda kwa afisa kazi wa wilaya au polisi, ukiwa na mtu unayemwamini. Wakikuzidishia saa, au wakikunyima fedha mlizoandikiana, afisa kazi huyohuyo ndiye wa kumwona ana kwa ana ukiwa na karatasi zako mkononi, kwa kuwa yeye hutazama kazi ilivyofanyika kweli na hatishwi na neno «kujitolea» lililoandikwa juu ya fomu. Na yale masimulizi niliyoyataja yakianza kukunyima usingizi kwa wiki mbili mfululizo, au ukajikuta huwezi kuingia tena katika chumba cha mahojiano, mwambie msimamizi akutoe huko kwa muda, kisha nenda hospitali ya rufaa ya Fort Portal uone watu wa afya ya akili. Huko si kwa vichaa, kama wanavyosema mitaani. Ni kwa watu waliosikia mengi.

Kabla ya kusaini, omba jambo moja la mwisho. Panda taksi siku moja ya kazi uende Kyegegwa, ufike ofisini mwao asubuhi, uombe kuzungumza na binti au kijana anayemaliza mwaka wake wa kujitolea hapo. Kaa naye kando, mnunulie soda, na usimwulize kama kazi ni nzuri, kwa sababu atakujibu kwa adabu. Mwulize: «Jana, tangu ulipofika mpaka ulipotoka, ulifanya nini?» Akikutajia mtoto fulani, faili fulani, nyumba fulani aliyoitembelea na ripoti inayomsubiri mezani, rudi Bwera ukamwonyeshe baba ile karatasi ya hesabu. Akikuambia alikuwa akingoja kuitwa, mshukuru, malizeni soda, nawe uwahi taksi ya kurudi kabla giza halijaingia.